Mtoto anapokwenda majaribio ya mpira wa wavu, mzazi naye ajiandae

Jumamosi moja hivi karibuni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilimkuta mpwa wangu amekaa ukingoni mwa kitanda akivuta soksi ndefu za michezo hadi karibu na goti. Nikamtania kwamba joto la Dar es Salaam na soksi hizo havipatani. Hakucheka.

"Ndivyo wanavyovaa wachezaji, mama mdogo," alinijibu, akainuka kwenda kunawa uso. Alipofika mlangoni nikaona anachechemea, tena kwa kujificha.

Nilimwita arudi, avue soksi. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba upande wa nje kama kimewekewa nusu ya limau chini ya ngozi. Aliteguka Jumatano, akicheza shuleni. Siku tatu nzima tumekula meza moja, na mimi ambaye kazi yangu ni kuandika habari za afya sikuona kitu.

Siku hiyo, saa mbili asubuhi, ndiyo ilikuwa siku ya majaribio ya klabu ya mpira wa wavu ya wasichana wadogo aliyokuwa akiisubiri kwa mwezi mzima.

Msomaji wangu, mimi ni mzazi mpya. Binti huyu ni wa dada yangu, alikuja kuishi nami Januari alipoanza kidato cha kwanza, kwa kuwa mama yake anafanya kazi mkoani. Ana miaka 13. Nimekuwa mlezi wa msichana mkubwa kabla sijabeba mtoto mchanga, na mambo mengi najifunza njiani. Leo nawaandikia wazazi ambao, kama mimi, mtoto amerudi nyumbani siku moja na karatasi ya klabu mkononi na hawajui waanzie wapi.

Majaribio yenyewe ni nini

Wengi wetu tunaujua mpira wa wavu wa shuleni: uwanja wa vumbi, wavu uliofungwa kwenye miti miwili, na timu inayokwenda UMISSETA ikibahatika. Klabu ni jambo tofauti. Mtoto anafanya mazoezi mwaka mzima, anacheza na watoto wa shule nyingine, na mzazi anachangia. Kwa kuwa nafasi ni chache, kocha anaita watoto, anawaangalia siku moja au mbili, kisha anatoa orodha.

Hesabu yake ni vizuri uijue mapema. Uwanjani timu moja ina wachezaji sita, na orodha ya mechi kwa kawaida ni ya wachezaji 12 hadi 14. Ukifika ukakuta watoto 40 wamepanga mstari, ujue wengi watarudi nyumbani bila nafasi, na miongoni mwao wamo wanaocheza vizuri kabisa.

Kocha anatazama nini? Nilimuuliza, naye akanijibu bila kuficha. Anatazama namna mtoto anavyopokea mpira kwa mikono miwili na kuupeleka anapotaka. Anatazama anavyoanzisha mpira, anavyomwinulia mwenzake, na miguu inavyosogea kabla mpira haujafika. Anatazama pia mtoto anafanya nini akikosea. "Mpira wa kuupiga nitamfundisha," aliniambia. "Lakini anayekosea kisha akamgeukia mwenzake kwa hasira, huyo ana kazi ndefu."

Mpwa wangu si mrefu, na hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Wavu wa wanawake wakubwa una urefu wa mita 2.24, na yeye akinyoosha mikono haufikii. Nilichojifunza ni kwamba makocha wengi wa watoto huushusha wavu. Tena tangu 1998 mchezo huu una nafasi ya libero, yule mchezaji anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake. Anacheza nyuma tu, kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira, na hahitaji kuwa mrefu. Mtoto mfupi asiambiwe mchezo huu si wake.

Hapo hapo niwasaidie na jambo moja nililolisikia mara nyingi pembeni mwa uwanja: "Mpeleke wavu, atarefuka." Kurukaruka hakumrefushi mtoto. Urefu unatokana kwa sehemu kubwa na kurithi, kisha lishe na afya. Wachezaji wa wavu ni warefu kwa sababu warefu ndio huchaguliwa. Kumbuka pia kwamba kwa wastani wasichana hukua kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 12, na wavulana karibu na miaka 14, lakini kila mwili una saa yake. Anayeonekana jitu leo huenda amekaribia kumaliza kukua, na mfupi wa leo ndiyo kwanza anaanza. Kocha mwenye uzoefu analijua hilo. Mzazi pia alijue, asimhukumu mtoto kwa kimo cha mwaka mmoja.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

Mimi nilikwenda kwenye mazoezi yao siku moja kabla ya majaribio, nikakaa tu na kutazama. Nawashauri mfanye hivyo. Dakika 40 za kutazama zinakuonyesha mengi kuliko karatasi ya matangazo. Je, watoto wanapasha mwili moto kwanza? Wanapewa muda wa kunywa maji? Kocha akipaza sauti, anarekebisha kosa au anamtukana mtoto?

Kisha uliza, tena bila aibu.

Ada ni kiasi gani kwa mwezi, na nje ya ada kuna nini? Jezi, nauli za mashindano, chakula cha safari na kiingilio cha uwanja huja kidogo kidogo, na jumla yake huweza kuizidi ada yenyewe.

Mazoezi ni siku ngapi, na yanaisha saa ngapi? Mtoto anayetoka uwanjani saa moja usiku na kupanda daladala mbili atafika nyumbani saa ngapi, na atasoma saa ngapi?

Nani anakuwa na watoto? Hili wazazi wengi tunaliona zito kulitamka, hasa kwa mwalimu anayeheshimika. Litamke. Uliza kama kuna mwanamke mtu mzima wakati wote wasichana wanapofanya mazoezi, wanabadilishia nguo wapi, nani anasafiri nao na wanalala wapi wakienda mashindano. Uliza kama kocha humtumia mtoto ujumbe wa simu peke yake au hupitia kundi ambalo wazazi wamo. Kocha safi hakasiriki kuulizwa. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Mtu akiumia, inakuwaje? Kuna sanduku la huduma ya kwanza? Hospitali ya karibu ni ipi, na wana namba yako? Kama mtoto ana pumu, selimundu au kifafa, kocha lazima ajue kabla ya siku ya kwanza. Mtoto mwenye selimundu usimpeleke kabla hujazungumza na daktari wake, maana kukimbia sana juani bila maji ya kutosha kunaweza kumletea maumivu makali.

Nilipokosea mimi

Turudi kwenye kile kifundo cha mguu. Nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Aliangalia sakafu, akasema, "Ulishanunua raba."

Ni kweli. Nilimnunulia raba za Sh65,000 na vikinga magoti, tena kabla hajachaguliwa. Pesa haikuwa kosa. Kosa ni kwamba nilizitaja raba hizo mara mbili tatu kwa wiki. "Uzitunze, unajua bei yake." "Raba hizi zikufikishe kwenye timu." Picha yake akiwa amezivaa nilikuwa nimeiweka kwenye kundi la familia, na shangazi na wajomba wakaandika hongera kana kwamba ameshachaguliwa. Mtoto wa miaka 13 alikuwa amebebeshwa ukoo mzima, na mzigo huo aliuona mkubwa kuliko maumivu ya mguu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kwa majaribio azima au tumia raba alizonazo, mradi zinamkaa vizuri na hazitelezi. Vikinga magoti ndivyo vya kununua mapema, kwa sababu viwanja vyetu vingi ni vya saruji. Vingine vinasubiri. Bei kaa nayo mwenyewe, na picha weka baada ya orodha kutoka.

Nilimwambia majaribio ya siku hiyo hafanyi. Alilia. Akasema nafasi yake ataichukua mtu mwingine, na kwamba mama yake angemruhusu. Hilo la mama lilinichoma, sifichi. Niliogopa kwamba ana haki, kwamba ninamnyima kitu kwa kuwa mimi si mama. Nikampigia dada. Baada ya shikamoo nikamweleza, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiye unayemwona. Amua." Nilitamani aamue yeye.

Nikampigia kocha saa kumi na mbili na nusu, nikijua ni mapema mno kumsumbua mtu. Alisikiliza, akasema, "Mlete tu. Hatacheza, atakaa na mimi aandike pointi. Wiki mbili zijazo nitaita waliokuwa na sababu." Wakati tunavaa viatu bado nilikuwa sijui kama ahadi hiyo ni ya kweli au ni ya kutuliza mtoto. Lakini tulikwenda, yeye na kandambili, raba zikabaki nyumbani.

Somo nililolipata hapo ni kwamba ukweli wa ugonjwa au jeraha umfikie kocha mapema, na utoke kwa mzazi. Mtoto peke yake ataficha. Karibu kila mtoto anayeupenda mchezo huficha.

Mguu ukiteguka

Kuteguka kifundo cha mguu ndilo jeraha la ghafla linalotokea zaidi kwenye mpira wa wavu, kwa kawaida mchezaji anapotua juu ya mguu wa mwenzake chini ya wavu. Kano zinazoshikilia mifupa huvutika, nyingine huchanika.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma sana, alikuja na beseni la maji ya moto na chumvi ili tuukande. Nilimshukuru, nikamwomba tusubiri. Katika siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua kwa nguvu huweza kuongeza uvimbe. Unachofanya ni kumpumzisha, kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kufunga bendeji ya kuvutika bila kukaza hadi vidole vibadilike rangi, na kuinua mguu juu ya mto anapolala.

Mpeleke hospitali akapigwe eksirei kama hawezi kukanyaga hatua nne, kama anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe unaojitokeza pembeni mwa kifundo, ndani au nje, kama mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi. Wa kwetu alikanyaga, lakini nilimpeleka kwa kuwa siku tatu zilikuwa zimepita na uvimbe haujashuka. Haukuwa umevunjika.

Kurudi uwanjani kusipimwe kwa tarehe. Mtoto awe anatembea bila kuchechemea, akimbie bila maumivu, kisha aruke kwa mguu ulioumia peke yake sawasawa na anavyoruka kwa ule mzima. Aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena, kwa hiyo mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yafanywe kila siku. Sisi tuliyafanya wakati wa kupiga mswaki, yeye mguu mmoja na mimi mguu mmoja, tukishikana ukutani.

Kuna majeraha mengine yanayokuja polepole: maumivu chini ya goti kwa mtoto anayekua na kuruka sana, na maumivu ya bega kwa anayepiga mipira mingi. Haya husababishwa na wingi wa mazoezi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto mwanamichezo apate angalau siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na mapumziko ya jumla ya miezi mitatu kwa mwaka kutoka kwenye mchezo wake mkuu, hata kwa kugawa mwezi mmoja mmoja. Chama hicho kinashauri pia asifungwe kwenye mchezo mmoja mapema. Kama klabu inataka siku saba kwa wiki, hapo pana shida.

Kwa wasichana naongeza mambo mawili. Kwanza, begi liwe na taulo za kike na bukta nyeusi ya akiba, na uzungumze naye mapema, maana binti anaweza kuacha mchezo kwa sababu ya siku moja ya aibu ambayo ingezuilika. Pili, akianza kufanya mazoezi mengi na hedhi iliyokuwa ikija ikakatika kwa miezi mitatu, au akawa mchovu na kupauka, mpeleke kwa daktari. Huenda hali chakula cha kutosha kwa kazi anayofanya, au ana upungufu wa damu.

Siku yenyewe

Mlishe saa mbili au tatu kabla: uji, ndizi, mkate na yai. Kitu alichokizoea, si cha mafuta mengi. Maji awe nayo yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya makopo havimfai mtoto.

Fikeni mapema nusu saa. Kisha wewe kaa mbali. Siku ile nilimwona baba mmoja akitembea na mstari wa pembeni, akimwelekeza binti yake kila mpira: "Ruka! Sogea! Si nilikwambia?" Binti akawa anamtazama baba badala ya mpira. Nilimhukumu moyoni, halafu nikakumbuka raba zangu.

Orodha ilipotoka

Kocha alitimiza ahadi. Baada ya wiki mbili waliitwa watoto sita, na mpwa wangu alicheza kwa saa moja na nusu. Alipokea mipira vizuri. Kuanzisha mpira kulimshinda, mara tatu ukaishia kwenye wavu. Jioni orodha ilitumwa kwenye kundi la wazazi ikiwa na majina 14. Nilisoma kutoka juu hadi chini, kisha nikasoma tena. Hakuwemo. Chini yake kulikuwa na majina manane ya kundi la mazoezi, watakaokuja Jumanne na Alhamisi bila kucheza mechi. Humo alikuwemo, wa tano.

Nilimwonyesha simu mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa. Nawasihi wazazi, mtoto asisomewe matokeo yake na mwenzake kwenye daladala. Sikumwambia "si kitu", kwa sababu kwake kilikuwa kitu. Sikumwambia pia kwamba kocha alipendelea. Nilikaa. Baada ya muda akauliza, "Ningekuwa sikuumia, ningechaguliwa?"

Ningeweza kusema ndiyo ili afurahi. Nikamwambia, "Sijui. Labda. Lakini mpira wa kuanzisha ulikushinda, na mguu ulikuwa mzima." Alifikiri, akasema, "Kweli, ule ulinishinda."

Siku iliyofuata, kwa idhini yake, nilimwuliza kocha swali moja tu: afanyie kazi nini? Akajibu, nguvu ya bega na kurusha mpira juu wima kabla ya kuupiga. Hilo ndilo swali la mzazi kwa kocha. "Kwa nini yule amechukuliwa na wangu ameachwa" halina jibu litakalokuridhisha, na linamharibia mtoto nafasi ya mwakani.

Mtoto akikataa kurudi, mwache apumzike, msiamue kwa machozi ya siku ya kwanza. Kuna timu ya shule, kuna netiboli, kuna klabu nyingine. Akitaka kurudi, mpeleke.

Wa kwangu amerudi. Jumanne iliyopita aliingia ndani saa kumi na mbili na nusu jioni, akavua raba mlangoni, akasema kabla sijamuuliza, "Mama mdogo, bega linauma kidogo. Si sana. Nimeona nikwambie."

Nikaacha mboga jikoni, nikaenda kulitazama.